Miji Yote ni ya Madam Telesia

Ijumaa hii, tarehe 26 Juni, Madam Telesia Mwinuka anaweka chaki chini baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha. Alianzia shule ya msingi kule Kichiwa, akahamia sekondari Makambako, akamalizia hapa chuoni kwetu Njombe. Kote huko hakuna aliyewahi kumwona bila sweta lake la kijani. Wengine tunaamini alizaliwa nalo.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na kamati. Kamati ikafungua grupu, watu wakajaa, wakatumiana keki na maua mpaka bando likakata. Karatasi ilipofika steshenari kwangu kuchapwa, ilikuwa na jina la Madam tu. Basi mie niliyeishia la saba, ninayewauzia hao hao vocha, ndiye niliyeijaza. Makosa ya herufi ni ya mashine.

Madam alifundisha somo la kufikiri na kujenga hoja. Anasema zamani ukiuliza swali darasani, mikono inapanda. Siku hizi ukiuliza swali, vichwa vinashuka. Kila mtu anaangalia mapajani, kidole kinakimbia. Jibu linakuja refu, zuri, limenyooka. Ukiuliza "kwa nini?", kidole kinaanza kukimbia tena. Lakini Madam hakuwatukana. Na yeye video za mapishi zilishamuunguzia sufuria ya viazi, akaja kuwasimulia mwenyewe, sweta bado linanuka moshi.

Dawa yake ikawa vitendawili, tena vya kutunga mwenyewe, ambavyo mtandao hauvijui. Asubuhi anatega, jioni mnajibu. Ukishindwa, sheria ni ile ile ya bibi zetu: toa mji. Na mji ukishautoa haurudi, ni wa Madam. Siku moja alitega: "Mgeni wa Juni hana kitanda, ila mablanketi yote ya soko yananunuliwa kwa ajili yake." Baridi yetu hiyo! Edward wa mwaka wa pili akajibu "mama mkwe". Akatoa Mafinga.

Sasa kulikuwa na Jenifa, binti wa Matamba, huko Makete. Mwaka wa kwanza alipata sapu nne, mitihani minne ya kurudia. Akifeli tena anadisko, chuo kinamfukuza, anarudi nyumbani kulima viazi vile vile ambavyo wazazi wanalima ili yeye asome. Siyo mjinga yule. Ila alikuwa mteja wangu namba moja wa bando. Ukurasa mmoja wa kitabu haumalizi, mkono unaenda mfukoni wenyewe kama una upele.

Madam akaanza kumtegea peke yake, kila siku kimoja. Jenifa akatoa Makambako. Akatoa Songea, Iringa, Mbeya, akatoa Dodoma na serikali yote ndani. Mpaka miji anayoijua ikaisha, na kitendawili bado kipo: "Nilimnunua nimchunge, sasa ananichunga." Akatafuta kwenye simu, hakuna. Akaniuliza mie, nikamwambia mbwa. Siyo.

"Basi Madam, nakupa Matamba," akamwambia jioni pale steshenari kwangu, Madam alipopita kudai jibu.

"We mtoto! Kwenu unanipa? Mama yako atalala wapi? Matamba sipokei. Kaa hapo kwenye benchi ufikiri."

Akakaa. Simu akaiweka juu ya fotokopi yangu, akaitazama, akaichukua, akairudisha, akaichukua tena. Nikaendelea na kazi. Ghafla akapiga kelele, chai yangu yote chini: "Simu! Madam, ni simu!" Kumbe siku nzima alikuwa anatafuta jibu kwa kutumia jibu.

Sisemi alipona hapo hapo. Ila tangu siku hiyo kila jioni alikuja kuniachia simu, akaenda kusoma. Mwanzoni alikuwa anarudi kuichungulia dirishani kama mgonjwa wodini. Sapu akazisafisha, moja kwa kuponea chupuchupu, lakini hakudisko. Mwaka huu anamaliza. Mie nimepoteza mteja, na Madam hajanilipa fidia.

Jumatatu iliyopita, kipindi cha mwisho, nilipeleka karatasi darasani nikakuta Jenifa kasimama.

"Kitendawili, Madam!"

"Tega."

"Miji yote ya nchi hii ni yake, lakini nyumba anapanga."

Madam akasema barabara. Siyo. Akasema redio. Siyo. Akafikiri, akavuta sweta, akatembea mpaka dirishani na kurudi. Darasa zima tunalijua jibu, tunaliona linavyotembea. Mwisho akainua mikono.

"Mmenishinda, wanangu. Nawapa mji."

"Upi, Madam?"

"Njombe. Chukueni. Mie narudi Makambako, kwenye nyumba yangu."

Tulikuwa tumejiandaa kucheka. Hakuna aliyecheka.

Jibu hatukumwambia, tumelihifadhi alisome hapa Ijumaa, miwani ikiwa machoni: ni wewe, Madam, uliyechukua miji yetu yote, na hapa Njombe ukapanga nyumba.

Asante kwa kutusumbua vichwa mpaka vikaanza kufanya kazi. Njombe tumeipokea, na vitendawili havitakoma. Edward kaahidi kutega yeye, Mungu atusaidie. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na viazi vinavyoiva bila kuungua. Makambako nenda kaishi kwa raha, hakuna wa kukudai. Ni yako, Jenifa alishakupa.