Kofia za Mjane wa Cibitoke

TAJUDINI: Haloo! Nani ananibipe hivi, anapiga na kukata bila kupumua? Hii namba siijui.

WARIDI: Taju, ni mi. Ni Waridi. Niko ku simu ya jirani.

TAJUDINI: Aa, dada! Asalaam aleikum. Habari ya mutaani Cibitoke? Mabomu ya jana usiku yaliwafikia?

WARIDI: Aleikum salaam. Yalianguka upande wa Mutakura. Sisi tuko wazima. We uko wapi?

TAJUDINI: Ku kazi, Kinindo, ku cyber. Umeme umerudi sasa hivi, wateja wamejaa mpaka mlangoni. Sema haraka dada, inite zangu za simu ni kidogo na—

WARIDI: Mama mukwe ameweka matanga.

TAJUDINI: Inna lillahi! Nani amekufa?

WARIDI: Hamimu.

TAJUDINI: Hamimu... bwana yako? Wamemuona? Habari imetoka Uvira, kule Kongo?

WARIDI: Akuna habari imetoka Uvira. Imetoka kwako.

TAJUDINI: Kwangu vipi?

WARIDI: Ku ile page yako ya internet. Uliandika nini pale? Si uliandika kofia hizi zinashonwa kwa mkono na Waridi, mjane wa vita, bwana yake Hamimu aliuawa? Ao ni mutu mwingine aliandika?

TAJUDINI: Lakini dada, ile page ni ya wazungu! Nani huko Cibitoke anasoma internet?

WARIDI: Akilimali anasoma.

TAJUDINI: Akilimali gani tena?

WARIDI: Binamu ya Hamimu, yule alikimbilia Ubelgiji. Alikuwa anatafuta majina ya watu wa kwao, aone nani amebaki. Akakuta foto yangu, nimeshika kofia, nacheka. Na chini yake jina la Hamimu. Akapiga simu asubuhi hii kwa jirani kusema poleni na musiba. Na aliyeitwa kuja kushika simu ni mama mukwe mwenyewe.

TAJUDINI: Yampayinka!

WARIDI: Hakunigombeza, Taju. Ingekuwa heri angenigombeza. Alikuja akanishika mashavu, akanambia, "Binti yangu, kumbe ulijua, ukanificha ju ya kunihurumia." We unamujua yule mama. Tangu Hamimu aende Uvira kutafuta mazutu, mafuta ya gari, wakati wa embargo, nchi imefungiwa mipaka, akasema atarudi kesho yake, yule mama hajakubali mutu atamke neno kufa ndani ya nyumba yake. Leo amesema, "Kama bibi yake amekubali iandikwe, basi mi ni nani nikatae?"

TAJUDINI: Basi mwambie ni biashara tu! Mwambie—

WARIDI: Sijasema? Nimesema mpaka sauti imekauka! Nimesema akuna aliyekufa, ni maneno ya kuuzia kofia. Wanawake wananishika mikono, wananipepea, wanasema maskini, uchungu umemupanda kichwani. Vile nakataa zaidi, ndivyo wananihurumia zaidi. Wamenivalisha nyeupe, Taju. Wanataka niingie eda leo hii.

TAJUDINI: Ee Mungu... Haloo? Dada? Rezo ya simu inakata—

WARIDI: —niko hapa, usikate! Shehe anakuja baada ya alasiri. Watamusalia swala ya ghaibu, ile ya maiti ambaye mwili wake haupo. Unaelewa? Watamusalia mutu ambaye pengine iko hai! Wakimaliza, mi ni mjane kweli, mbele ya Mungu na mbele ya mutaa mzima.

TAJUDINI: Polepole, dada, polepole. Tufikirie.

WARIDI: We ukifikiria ndio naanza kuogopa.

TAJUDINI: Si mi niliyelitoa lile neno. Ni Jovithe, yule wa semina ya kuuza vitu ku internet. Alitufundisha, "Mutu wa Ulaya hanunui kofia, ananunua machozi." Na si kweli? Kofia zako zilikaa pale bila komande hata moja, akuna aliyeagiza. Nikaandika fundi, wapi. Nikaandika mama wa Kiislamu wa Bujumbura, wapi. Nikaweka mjane, na zikaondoka zote!

WARIDI: Na ukanambia, "Dada, ni neno tu, halimudhuru mutu."

TAJUDINI: Na ukakubali.

WARIDI: Nilikubali. Sikatai. Dawa ya presha ya mama mukwe ilikuwa imeisha, ku duka hawatukopeshi tena. Nilikubali na ule mchele wa pesa za kofia nimekula. Lakini nilikuuliza, Taju. Nilikuuliza, "Je, hii kitu haiwezi kurudi huku?" Ukacheka. Ukasema internet iko mbali sana.

TAJUDINI: Sikucheka vibaya.

WARIDI: Ulicheka kama mutu anayejua.

TAJUDINI: Sikiliza, dada. Usikasirike. Mi naona... acha tu wasali.

WARIDI: Umesema nini?

TAJUDINI: Dua haiharibiki. Kama iko hai, itamusaidia. Kama hayuko—

WARIDI: Tajudini.

TAJUDINI: —na mama atapumzika! Anangoja miaka yote hii, anaamka kila gari ikisimama mlangoni. Wewe nawe eda si kukaa tu nyumbani? Si hata sasa unakaa nyumbani unashona? Utashona tu. Na kusema kweli, ile nguo nyeupe, tukipiga foto moja—

WARIDI: Funga domo lako!

TAJUDINI: Nilikuwa nasema tu—

WARIDI: Funga domo! Foto? Watu wanalia hapa, mi nimevaa nguo ya maiti, we unaona foto? Ni mama gani alikuzaa, ni yule yule alinizaa mi?

TAJUDINI: Nisamehe, dada. Imenitoka tu. Huyu Jovithe ametuharibu akili.

WARIDI: Wacha Jovithe. Taju, nikuambie kitu? Naogopa. Wale wanawake wanalia kwa kweli, si kwa kuigiza. Na mi nimeanza kulia nao. Nimekaa pale kwa mkeka, machozi yanatoka, na sijui namulilia nani. Kama namulilia Hamimu, basi nimemuzika mi mwenyewe. Jana nilikuwa na bwana ambaye hajarudi. Leo sijui nina nini.

TAJUDINI: Usiseme hivyo.

WARIDI: Kuja. Hiyo tu nakuomba. We ndiye uliandika, kuja useme kwa mdomo wako. Mi hawanisikii, wewe watakusikia. Kuja kabla shehe hajafika.

TAJUDINI: Sasa? Dada, barabara... wanasema kuna askari wengi kule kati mujini, wanasimamisha magari yote. Na patron, mwenye cyber, hayuko, siwezi kuacha mashine—

WARIDI: Gari za basi zinapita. Nimeziona na macho yangu.

TAJUDINI: Zinapita kwenda, lakini kurudi—

WARIDI: Unaogopa ndugu za Hamimu.

TAJUDINI: Siogopi mutu.

WARIDI: Unaogopa.

TAJUDINI: Watanipiga, dada.

WARIDI: Pengine. Mi pia ningekupiga. Haloo, unanisikia? Sasa hivi— ngoja. Ngoja, mama mukwe anakuja huku.

TAJUDINI: Usimupe simu! Dada, nakuomba, usimu—

WARIDI: Ndiyo mama, ni Tajudini. Ndiyo, ni yeye. Mama, subiri, ana kitu cha... Haya. Haya, shika hivi. Taju, useme ukweli. Unasikia? Ukweli.

MAMA HAMIMU: Haloo? Mwanangu Tajudini?

TAJUDINI: Sh... shikamoo, mama.

MAMA HAMIMU: Marahaba, baba. Uko salama huko?

TAJUDINI: Niko salama, mama.

MAMA HAMIMU: Alhamdulillahi. Nimesema niongee na we kwanza, kabla shehe hajaingia. Wengine wanasema umefanya vibaya kuandika mahali kila mutu anasoma. Mi nimewakataza. Afadhali umeandika. Hawa wote hapa walikuwa wananificha.

TAJUDINI: Mama, mi nili—

MAMA HAMIMU: Ngoja, mwanangu, nimalize, pumzi yangu ni kidogo. Nataka kuuliza kitu kimoja. Aliteseka?

TAJUDINI: [kimya]

MAMA HAMIMU: Haloo? Naongea na mutu ao naongea na upepo?

TAJUDINI: Apana, mama. Ha... hakuteseka.

MAMA HAMIMU: Hakuteseka. [analia kidogo] Mungu akubariki. Ilikuwa haraka?

TAJUDINI: Ndiyo, mama. Haraka.

MAMA HAMIMU: Na nani alikuwa naye? Aliyekuambia, alikuwa karibu? Alimufunga macho?

TAJUDINI: Mama...

MAMA HAMIMU: Na wamemuweka wapi? Nipe tu jina la mahali. Hata kama ni shimo la watu wengi, mi sitaona haya. Hata kama ni ng'ambo ya mto Ruzizi. Soumaya binti yangu atanishika mkono, tutaenda kwa miguu, nitakaa pale kidogo, nitarudi. Sema, mwanangu. Wapi?

TAJUDINI: Mama, akuna mahali.

MAMA HAMIMU: Akuna kaburi?

TAJUDINI: Akuna kitu, mama. Nisikilize. Nakuomba unisikilize. Nimekudanganya sasa hivi. Nilidanganya na kule ku page. Akuna mutu aliniletea habari. Akuna aliyeona mwili. Ni mi mwenyewe nilitunga, peke yangu, nikikaa ku kiti hapa. Nilitunga ju kofia zinunuliwe haraka.

MAMA HAMIMU: Akuna aliyeona mwili.

TAJUDINI: Akuna, mama.

MAMA HAMIMU: Akuna mutu yeyote, popote, amesema mwanangu amekufa.

TAJUDINI: Akuna yeyote. Ni mi tu. Nisamehe, mama. Ulikuwa uongo.

MAMA HAMIMU: Ni uongo.

TAJUDINI: Ni uongo, wallahi.

MAMA HAMIMU: Sasa kama kufa kwake ni uongo, basi ni muzima.

TAJUDINI: Apana, mama, mi sijasema—

MAMA HAMIMU: Ameapa! Soumaya! We Soumaya! Acheni kulia, nyamazeni nyote! Tajudini ameapa! Hamimu ni muzima!

TAJUDINI: Mama! Mama, nisikie! Sijui! Mi sijui kama—

MAMA HAMIMU: Ni muzima! Nilisema miaka yote, mukaniona nimekuwa kichaa! Simamisheni shehe mlangoni! Ni muzima mwanangu!

TAJUDINI: Mama Hamimu! Haloo! Haloo!

[Vigelegele. Simu inakwaruza.]

WARIDI: Taju? Taju! Umemwambia nini?

TAJUDINI: Ukweli. Nimemwambia ukweli, kama ulivyotaka!

WARIDI: Ukweli gani huu? Anacheza! Mama wa watu, na presha yake, anacheza katikati ya uwanja!

TAJUDINI: Nilimwambia nilitunga. Kwamba akuna aliyeniambia amekufa. Basi. Yeye ndiye ameongeza mengine.

WARIDI: Anakuja hapa. Ananivua ile nyeupe... Mama, pole, mama, utaanguka! Taju, anasema niende nikaoge. Anasema nijipake hina, bwana yangu anakuja.

TAJUDINI: Mwambie taratibu. Mwambie akuna anayejua—

WARIDI: Mi? Asubuhi nimesema hakufa, wakanishika mikono. Sasa nisimame niseme nini? Niseme amekufa? Nimuue mara ya pili na mdomo wangu?

TAJUDINI: Dada, simu inalia, inite zinaisha—

WARIDI: Usinikatie! Unipe shauri, Taju. Si we ndiye fundi wa mashauri? Lile la kuniweka mjane lilikuja mbio. Sasa lete lingine.

TAJUDINI: Sina, dada. Sina kitu. Nakuja. Natoka sasa hivi, wanipige tu, nakuja na—

WARIDI: Shehe ameingia. Anauliza kwa nini watu wanapiga vigelegele ku matanga. Wote wamegeuka, wananiangalia mi. Mama mukwe pia. Ananichekea, Taju, amenishika mkono, anacheka kama msichana.

TAJUDINI: Dada, usi—

WARIDI: Anauliza mi. Shehe anasema, "Binti, wewe ndiye bibi yake. Bwana yako ni muzima ao amekufa?" Taju, nimujibu nini? Haloo? Taju? Haloo?