Aliyetaka Kila Mtu Aulizwe

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa breki na mama yake mkunga. Walizaliwa wawili tu, na kwa kuwa mama aliitwa kazini saa yoyote, kitinda mimba huyu alilelewa zaidi mgongoni mwa dada yake. Hadi uzeeni, alipoingia chumba chochote, alimwamkia dada kwanza ndipo akageukia wengine.

Baada ya shule ya msingi alikwenda bweni, shule ya wamisionari, mwaka 1959. Huko alijifunza Kilatini, akaimba sauti ya pili katika kwaya, na akafukuzwa. Asubuhi moja kamba ya kengele ilikutwa imekatika, na kwa kuwa yeye ndiye aliyenung'unika kuliko wote juu ya kuamshwa mapema, padri mkuu wa shule alimrudisha nyumbani kwa muhula mzima. Baba alikwenda zake karakana. Mama alilia. Dada yake, ambaye wakati huo alikuwa akijifunza ushonaji, alimwekea sahani mezani akamwuliza, "Ulikata?" Akajibu hapana. "Basi kula," dada akasema, na kwake yeye shauri likawa limekwisha.

Baadaye iligundulika kwamba kamba ilitafunwa na panya. Padri, aliyekuwa muungwana, alimwomba radhi mbele ya shule nzima, naye akasamehe kwa moyo mweupe. Lakini maisha yake yote alisimulia kwamba kufukuzwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba katika shule ile yenye wasomi wengi hakuna aliyemwuliza.

Alihitimu sheria mwaka 1971, na mwaka 1974 akafungua ofisi yake juu ya duka la dawa. Wengi mnaikumbuka: ngazi nyembamba, harufu ya dawa ya kikohozi, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na mbele ya meza viti viwili vya mbao. Mteja alikaa cha kushoto akamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Akimaliza, marehemu alifuta miwani, akamwambia kwa upole, "Sasa hamia kile kingine, uniambie mwenzako angesemaje." Wapo waliokasirika wakashuka ngazi. Wapo waliohamia, wakaanza kusema, wakanyamaza katikati, na ugomvi ukafia pale pale. Ndiyo sababu mji mzima ulimwita Bwana Hamia, na mawakili wenzake wakamtania kwamba anafukuza wateja kuliko mvua.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa kanisani na karani wa posta ya jirani. Siku alipokwenda kumwomba kwa wazazi, alijieleza kwa ufasaha mwingi. Baba mkwe, mwashi asiye na haraka, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akainuka. "Vizuri, mwanangu. Sasa hamia kiti hiki, utuambie sisi tungekujibuje." Alitokwa na jasho hadi kola ikalowa, lakini alijijibu vyema, akapewa mke.

Mwaka 1984 duka la ushonaji la dada yake lilivunjwa, na vyerehani vyote vikachukuliwa. Mchukuzi mmoja wa sokoni alikamatwa, akakaa mahabusu wiki baada ya wiki bila kufikishwa mahakamani. Mama wa mchukuzi huyo alipanda ngazi zile bila kujua duka lile ni la nani. Alipoambiwa ahamie, alihama, akamsemea mwenye duka: "Angesema anataka vyerehani vyake. Simlaumu, hata mimi ningevitaka." Marehemu alimweleza kwamba aliyeibiwa ni dada yake, na kwamba yuko huru kutafuta wakili mwingine. Mama yule hakuinuka.

Jioni hiyo marehemu alikwenda mwenyewe kwa dada, asije akazisikia habari barabarani.

"Ndugu yangu wa tumbo moja," dada alisema, "utamtetea mwizi wangu?"

"Sijui kama ni mwizi, dada. Wewe unajua? Nataka apelekwe aulizwe. Mbona mimi uliniuliza?"

"Nilikuuliza kwa sababu nakujua."

"Na yeye mama yake anamjua."

Dada alimfungulia mlango atoke.

Mahakama Kuu iliamuru mchukuzi afikishwe mbele ya hakimu. Hakimu hakuona ushahidi, akamwachia. Vyerehani havijaonekana hadi leo, wala marehemu hakupata kudai kwamba anamjua aliyeviiba. Alisema tu kwamba uhuru wa raia hupimwa mlangoni mwa mahabusu, tena kwa mtu ambaye majirani hawampendi. Uamuzi ule uliwafungulia wengine wengi njia ya kusikilizwa. Nyumbani ulimletea kununiwa. Dada aliendelea kumshonea mashati, ila aliyatuma kupitia kwa wifi yake: "Mpelekee wakili wa wezi." Dada alikuja kuiitikia salamu yake tena kwenye mazishi ya mama yao, lakini habari ya vyerehani haikuguswa.

Februari mwaka 2023 kiharusi kilimwondolea sauti. Mwezi Juni, madaktari na watoto wake walizunguka kitanda wakijadili kama apelekwe mbali kwa upasuaji. Walizungumza kwa upendo, taratibu, kana kwamba hayupo. Ndipo dada akainuka, akazunguka kitanda kwa mkongojo, akaketi kiti cha upande wa pili.

"Nimehamia," akasema. "Sasa nasema kama yeye. Mimi nipo hapa. Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Dada akamshika mkono. "Unataka kwenda huko?" Mkono ukatulia. "Unataka nyumbani?" Akaubana mkono wa dada, kwa nguvu ambazo daktari hakuzitegemea.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 21 Juni 2023, mkewe upande mmoja na dada yake upande wa pili.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, na dada yake, ambaye ameagiza iandikwe hapa kwamba mchukuzi yule, kama yuko kati yetu leo, asisimame nyuma. Kiti kilicho kando ya dada kimeachwa wazi.

Apumzike kwa amani, mbele ya Hakimu asikilizaye pande zote.