Mama wa Roma na Makauboi wa Texas

Kwenye treni ya kwenda Plano, huku Texas, mbele yangu alikaa Mtanzania mmoja, Avelina, akiandika kwenye simu. Jirani yake alikuwa Patroba, Mkenya mwenye beji ya ofisi shingoni, ambaye kukaa kimya kulimshinda tangu tulipopanda.

"Unaandika nini, dada?"

"Filamu. Ya makauboi, farasi na bastola."

Patroba akacheka mpaka beji ikatikisika. "Si uandike story za manesi wetu? Ama wakimbizi wetu wanaoishi kule Haltom City? Kauboi wewe utamjulia wapi?"

"Kaka, kuna mama mmoja wa Roma, kazi yake ilikuwa kuwapigia chapa wanaume miswada ya filamu zao. Alipoona wanaandika ovyo, akaandika mwenyewe. Za kutisha, za wapelelezi, za makauboi wa Texas, mpaka akazeekea humo. Na Texas hakuwahi kukanyaga! Mimi naishi hapa, kimbunga cha Oktoba kimeniezulia paa, halafu nisiandike?"

"Sawa, lakini nani ataitazama?"

"Wewe. Utalalamika, ila utaitazama mpaka mwisho."

Mimi pia ningeitazama, lakini hakuna aliyeniuliza.

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Patroba akasimama, akashika mkoba wake. "Haya basi, niambie tu anayekufa kwanza ni nani."

Avelina akamtazama kuanzia viatu hadi beji, kisha akarudi kwenye simu. "Nilikuwa bado sijampata, sasa nimempata. Ni bwana mmoja wa ofisini, anaongea sana."

Treni ikasimama. Nikashukuru kwamba safari nzima sikuwa nimefungua mdomo.