Fungu Ambalo Rula Hakulivunja

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu, tumbo moja, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami naogopa, na sababu mtaisikia.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Rula, alizaliwa tarehe 9 Machi 1978, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1991, kisha sekondari, ambako alisimamishwa wiki mbili kwa kumsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya mkaguzi, na akahitimu masomo ya kompyuta tarehe 14 Novemba 2001.

Tarehe 4 Februari 2002 aliajiriwa kuandika programu za mashine zinazopima dawa inayoingia kwenye mshipa wa mgonjwa, nami nikamfuata hapo mwaka 2011, na jina la Rula alilipata kwa kupima kazi ya kila mtu: alihesabu njia panda ndani ya kila fungu la maelekezo, yaani mahali mashine inapochagua kufanya hili au lile, zikizidi kumi fungu linavunjwa vipande, halafu alimwita mtu wa meza nyingine alisome, na akikwama mara mbili, mwandishi anaandika upya, hata awe bosi. Mimi alinirudisha mara sita kwa siku moja, na chakula changu cha mchana akakila yeye.

Alimwoa shemeji yetu, muuguzi, tarehe 20 Agosti 2005, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 2007 na mwaka 2010, ambao aliwapenda kuliko macho yake.

Lakini mganga hajigangi. Fungu linaloamua dawa ipungue au isimame aliliandika mwenyewe, lilikuwa na njia panda arobaini na saba, na kwa kuwa halijawahi kukosea, na kila aliyeligusa aliharibu kitu kingine, aliliondoa kwenye kipimo chake, akaahidi kila mwaka kulivunja, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Aliugua figo Januari 2023, akalazwa tarehe 2 Mei, na mashine aliyofungwa mkononi ilikuwa na programu yetu, hivyo alikesha akiitazama, na tarehe 11 aliniita akaniambia, "Mdogo wangu, naliogopa fungu lile. Andika majaribio ya kila njia kwanza, ndipo ulivunje, na usimwamini anayesema linafanya kazi, hata nikiwa mimi."

Alifariki tarehe 13 Mei, saa nne asubuhi, kwa figo, mashine haikukosea, nimemuuliza daktari mara tatu.

Tunawashukuru madaktari kwa uvumilivu wao, majirani kwa viti na kwa kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao wamenikabidhi fungu lile nianze Jumatatu.

Siku hiyohiyo shemeji anarudi zamu, kwenye wodi yenye mashine hizo kumi na mbili, na jana aliniuliza kama ni salama, nami nikamwambia azitazame kwa macho yake hadi nimalize.

Pumzika kwa amani, kaka, sisi huku bado tunaogopa.