Maziwa ya Zuhre

Benchi lile limekaa katikati ya uwanja wa kijiji cha Pila, mgahawa wa Wagiriki upande huu, wa Waturuki upande ule, na halina mwenyewe. Ndiyo maana limedumu. Kila asubuhi hukaliwa na watu wale wale. Yupo Hambis, aitwaye Masufuria kwa kuwa aliwapikia Waingereza kambini miaka thelathini, na tangu hapo hajui kunyamaza kwa lugha yoyote. Yupo Raif, fundi cherehani mstaafu, aitwaye Kamusi, jina alilojipa mwenyewe. Na yupo Elengu, miaka themanini na miwili, asiye na jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu. Asubuhi hiyo kahawa ilikwisha letwa, chungu, bila sukari, na simu ya Raif imelala kati yao kama samaki ambaye hakuna anayetaka kumpara.

Ujumbe ulitoka London, kwa Ayla, mjukuu wa Shevket aliyehamia huko zamani. Shevket yu hospitali, na daktari kasema ni leo, akijaliwa sana kesho. Binti mwenyewe kazaliwa huko, Kituruki chake ni cha kuombea chakula tu. Babu kasema neno kwa Kituruki, yeye kaliandika kwa Kiingereza cha vijana, na chini yake kaomba jibu la Elengu, haraka. Raif Kiingereza hakijui. Hambis anasema anakijua.

— Soma tena, akasema Elengu.

Hambis akaisogeza simu mbali na macho.

— "Babu anauliza, yeye na Elengu wako poa?" Basi, hakuna zaidi. Poa hiyo ni baridi, kambini walikuwa wakiisema kwa bia. Mzee anasikia baridi. Mtumie blanketi.

— Mtu anakata roho, wewe unampa blanketi, akasema Raif.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo imeingiaje hapa?

— Imeingia. Wewe tulia.

Elengu hakucheka. Tangu aliposikia jina la Shevket, mawazoni alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kijani, mvua ikimnyeshea.

Raif akaeleza kwamba maneno ni kama koti la mtumba: huwezi kujua lilishonwa wapi mpaka ufumue mshono. Akafumua. Ikiwa Kiingereza ni hicho, mzee atakuwa alisema yamekwisha, au tusameheane. Akaenda akarudi, kidole kikishona hewani, mpaka akafika. Mzee anaomba ahalalishiwe. Kwa Waturuki mtu hafi, wala haendi jeshini, wala hapasuliwi ngiri, kabla hajawaambia aliokula nao: haki yenu kwangu nihalalishieni. Na jibu ni moja, halali yako.

Hambis akakataa. Hata Wagiriki husema halali, akasema, lakini humwambia mtoto aliyemaliza kababu ya mwisho sahanini. Hakuna mtu mzima anayeiomba kutoka London. Hapana, mzee ana dhambi. Itakuwa alisogeza mpaka wa shamba pale penye mti wa mkarubi wa baba yake Elengu. Raif akasema mpaka si kitu, pengine ndiye aliyemuua punda wa Elengu. Hambis akasema punda ni mdogo. Kengele ya kanisa je, ile iliyopasuka mwaka wa hamsini na nane, nani alikuwa karibu nayo?

— Mimi, akasema Elengu. Niliipiga kwa nyundo. Endeleeni.

Walichokuwa hawakijui ni hiki. Mama yake Elengu alimzaa akiwa amekauka kifua, na Zuhre, Mturuki wa nyumba ya pili, mama yake Shevket, akawanyonyesha wote wawili, mmoja huku, mmoja huku, miezi minane. Walipokua, Zuhre hakumtoa mtoto mezani kabla hajamuuliza, umeshiba? Na alizoea kumwambia Elengu: maziwa yangu nitakuhalalishia siku nikifa, kabla ya hapo nina kazi. Ikaja ile baridi ya mwaka wa sitini na nne, Wagiriki na Waturuki wakapigana, majirani wakaogopana, na Zuhre akawa mahututi. Elengu akaenda. Shevket akasimama kwenye mlango ule wa kijani, mvua ikinyesha, akamwambia, rudi kwenu, akaufunga. Alasiri ile Zuhre akafa. Mwezi uliofuata Shevket akapanda meli, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwandikia mwenziwe hata mstari.

Raif akasema muda unapita, amwandikie halali tu, Hambis aigeuze. Hambis akakuna kichwa. Kiingereza cha neno hilo hakukipata. Akasema ataandika sawa.

— Miaka sitini, akasema Elengu, nimjibu kwa sawa.

— Haraka haraka haina baraka, mama.

— Mwambie na daktari.

Hapo akaja Chamari kukusanya vikombe. Ni mwanamke wa Sri Lanka, wiki yake ya tatu kijijini, anamuuguza mama wa mwenye mgahawa. Alikuwa amesimama nyuma yao muda mrefu. Kwa Kigiriki chake cha kuokoteza akauliza kama huyo mzee mgonjwa ni mtu wa hapa.

— Wa hapa hapa, akasema Raif. Ua mmoja na huyu mama.

— Mkicheza uani, utotoni, mlisema lugha gani?

Hambis alitafuta methali akaikosa. Raif akaikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Piga, Elengu akamwambia Raif.

Ayla akapokea. Raif akamwomba kwa Kituruki, pole pole, aiweke simu kwenye sikio la babu. Ikaja pumzi, ndefu, yenye mikwaruzo. Elengu akasema kwa lugha ya uani, kijiko cha Kigiriki, kijiko cha Kituruki, ambayo hakuwa ameitia kinywani tangu siku ile ya mvua.

— Shevket. Ni mimi. Ulinifungia mlango.

Pumzi ikaja, ikaenda.

— Nimekuhalalishia. Mlango na yote. Lakini mimi nilinyonya kwenu miezi minane, na mama yako alikufa kabla hajanihalalishia. Umebaki wewe wa kunijibu.

Wakangoja. Raif alikuwa anatazama viatu vyake. Hambis amenyamaza, kwa mara ya kwanza, kwa lugha zote. Kisha sauti ikatoka, nyembamba kama uzi.

— Umeshiba?

— Nimeshiba, akasema Elengu.

Akamrudishia Raif simu, akakichukua kikombe chake, akainywa kahawa ile iliyokwisha poa mpaka kwenye mashapo.