Mama Aliyetoka Matanga na Bahasha Mbili za Dawa

Ndugu zangu, nawasalimu nyote kwa jina la yule ambaye amenivumilia miaka hii yote. Asifiwe humu ndani, na asifiwe na wale waliokosa viti wakasimama nje. Pasta amenipa dakika kumi. Nitajaribu.

Wengi waliosimama hapa mbele wametuambia jinsi Mungu alivyowatoa kwenye pombe, kwenye wizi, kwenye mambo ya waganga. Mimi sikuwahi kunywa hata tone. Nilikuwa nimeokoka, naimba besi kwenye kwaya, sina maneno na mtu. Lakini nilikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeuita dhambi, hata mimi mwenyewe. Nilikuwa nimechoka na watu. Nilichoka nao mpaka nikaanza kuwadharau, na kazi yangu ni kuwapa dawa.

Mnaniita Daktari. Mimi si daktari, ni mfamasia, na hilo nimelieleza mpaka nikaacha. Kwa miaka tisa nimefanya kazi ya usiku katika kemisti moja karibu na mabasi pale Nakuru mjini. Naingia saa mbili usiku, natoka saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne tunafunga mlango na ninabaki nyuma ya dirisha dogo la vyuma, na pale nje kuna kengele. Ndugu zangu, hiyo kengele! Mtu anaibonyeza kama anazima moto, unaruka, unafika dirishani, anakuuliza kama una chaji ya simu.

Na wale wenye shida ya kweli ndio walinimaliza kabisa. Mtu anakuja anakuambia anataka ile dawa. Ipi? Ile ya rangi mbili. Ziko nyingi za rangi mbili. Ile jirani yake alipewa. Jirani anaitwa nani? Hapo anaanza kukueleza habari za jirani, alikotoka, alivyogombana na bwana yake. Mwingine ni dereva wa lori amekuja kutoka Salgaa, kule malori yanakolala, anasema dawa si yake, ni ya rafiki. Rafiki anaumwa wapi? Anatazama nyuma, anatazama pembeni, anaanza kunieleza hali ya barabara. Mimi nimesimama, miguu imevimba, ni saa tisa usiku, na najua kabisa rafiki ni yeye!

Mchana nao hulali. Ukifunga pazia, mtu anagonga mlango kukuuliza kama unaumwa, mbona umelala mchana. Halafu akishajua hauumwi, anakumbuka yeye ndiye anaumwa, na kwa kuwa umeamka, si umwambie atumie nini. Nimewahi kusimuliwa shida za tumbo wakati nikiwa kwenye kiti cha kinyozi. Mke wangu aliniambia nimekuwa mtu wa kukunja uso hata nikiwa usingizini. Nilimwambia usingizi upi.

Basi nikajitafutia njia yangu. Nilikuwa na maneno matatu: "Mama, taja dawa." Akiwa mzee, "Mzee, taja dawa." Mtu akifungua mdomo kuanza hadithi, ninamkata hapo hapo. Na wakati bado anashangaa, mimi tayari nimeandika bahasha. Mnazijua zile bahasha ndogo za kaki tunazotilia vidonge. Sheria ya kazi yetu ni kwamba ukishatia vidonge, unaifungua bahasha mbele ya mgonjwa, unamwonyesha, unamweleza, halafu unamwambia akurudishie maelezo kwa mdomo wake mwenyewe. Inachukua dakika mbili. Nilikuwa nimeiacha hiyo sheria. Niliona kumpa mtu dakika mbili ni kumfungulia mlango wa kusimulia.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Usiku mmoja, saa tisa hivi, kengele ikalia. Ni mama wa makamo, ana leso kichwani na mkoba begani, vumbi mpaka kwenye kope. Amesalimu, ameuliza habari ya kazi, habari ya usiku, habari ya baridi. Nikasema njema, njema, njema. Akasema ameshuka sasa hivi na watu wake kwenye basi kutoka Kakamega, walikuwa matanga, na dawa ziliwaishia hukohuko, na yeye ni wa Bahati, na kule nyumbani amemwachia jirani ng'ombe, na huyo jirani ana mikono mizito, ng'ombe humfichia maziwa, na lazima yeye afike kabla lori ya maziwa haijageuza pale kwa mteremko, na kwamba hayo matanga, daktari, hayo matanga...

Nikasema, "Mama, taja dawa."

Akauvuta mkoba wake begani. Halafu akataja. Vidonge vya damu vya msichana wake wa miaka minne, kwa sababu mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoumiza watoto mifupa. Na vidonge vya sukari vya mama mkwe wake. Mtoto kumi, nyanya thelathini. Wote humeza kimoja asubuhi, mtoto huchanganyiwa na uji.

Nikachukua makopo mawili. Vyote ni vidonge vidogo vya manjano, mtu asiyejua hawezi kuvitenganisha. Lile la sukari lilikuwa jipya, nilivunja kifuniko pale pale. Bahasha nilikuwa nimeziandika tayari, moja Mtoto, moja Nyanya. Nikahesabu, nikatia, nikasukuma kwa dirisha. Sikufungua, sikuonyesha, sikuuliza. Akanishukuru, akaniombea baraka za Mungu, akaenda. Mimi nikafurahi kwamba amemalizika haraka.

Ilipofika saa kumi na moja kasoro nikaanza kurudisha makopo kwenye rafu. Nikashika lile jipya la sukari. Lilikuwa limejaa. Kopo la vidonge mia ukitoa thelathini, linaonekana. Nikalimwaga kwenye sahani nikahesabu. Tisini. Nikahesabu tena. Tisini.

Ndugu zangu, nilikuwa nimebadilisha bahasha. Vilivyotoka kumi viliingia kwenye bahasha ya mtoto. Sitawatisha kwa maneno ya kitaalamu. Dawa ile hushusha sukari kwenye damu ya mtu mzima mgonjwa. Ukimpa mtoto wa miaka minne kidonge kimoja tu, anaweza kulala na asiamke. Na alitakiwa kupewa na uji wa asubuhi.

Simu yake sina, maana alilipa kwa noti, hakutuma kwa simu, na jina sikuuliza. Ningeuliza lini, na mimi nilikuwa nataka aondoke? Nikajaribu kuomba, nikajikuta nikisema "Mungu, Mungu" kama mtu anayeita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Halafu nikaanza kuokota yale maneno yake niliyokuwa nikiyafukuza. Bahati. Jirani mwenye mikono mizito. Lori ya maziwa inapogeuza kwa mteremko. Ni yale tu yaliyoingia kabla sijamkata.

Nikamwambia mlinzi afunge dirisha, kazi ikipotea ipotee. Nikapata boda. Mwenye boda nikamwuliza kama anajua lori ya maziwa hugeuzia wapi Bahati, akasema, "Boss, kule nimekulia." Tukaenda na ile baridi, mimi na koti langu jeupe, nikilia kama mtoto na upepo unanikausha.

Tulipofika kulikuwa kunaanza kupambazuka. Watu kama kumi na wawili wako kando ya barabara na mitungi yao, wengine wameleta kwa punda, wengine kwa baiskeli. Nikaruka nikawauliza wanamjua mama aliyerudi usiku huu kutoka matanga. Wakaniuliza mama nani. Sijui. Bwana yake nani? Sijui. Sasa wewe ni nani yake? Nikasema mimi ni mtu wa kemisti, nimempa dawa mbaya. Wakatazamana.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akaanza. Akasema watu wa kutoka magharibi hapa kwao ni wengi, walikuja tangu enzi za babu zao waliofanya kazi ya reli, na kwamba kuna wale wa juu na wale wa chini, na wale wa chini walikuwa na shida ya maji. Ndugu zangu! Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno nimwambie, Mzee, taja jina. Na hapo ndipo Mungu alinishika. Nawaambia kweli, sikusikia sauti, sikuona mwanga. Nilihisi tu kwamba nikimkata huyu mzee, mtoto anakufa. Nikafunga mdomo. Jasho linanitoka kwenye baridi ile, na mzee anaeleza habari za maji.

Akafika kwenye maji, akafika kwenye bomba, akafika kwa yule aliyelipa bomba lipite shambani mwake, na watu wake, akasema, ndio walikuwa matanga wiki hii, na maziwa yao leo ameleta huyu Nyambura. Akaonyesha kwa kidevu. Nyambura alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, ameshika mtungi, mtungi wenyewe haujafika nusu.

"Ni Mama Barasa unataka," akasema. "Kuja."

Tulikimbia. Sijui tulipita wapi, kulikuwa na ua wa matete na mbwa. Nyambura akafungua mlango bila hodi. Yule mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto mapajani, kikombe cha uji pembeni, kidonge amekisaga kati ya vijiko viwili na kijiko kiko mdomoni mwa mtoto. Na mtoto amekaza meno. Amekaza kabisa, mama anamfokea kwamba kila siku ni vita, kila siku ni haya, mbona humeza maembe lakini dawa hapana. Nilipiga goti pale kwenye sakafu nikakichukua kile kijiko mkononi mwake. Unga wote ulikuwa bado kwenye kijiko. Nyanya naye bado alikuwa amelala, bahasha yake haijaguswa.

Niliposema nilichofanya, nilingoja anipige. Nilikuwa nataka anipige. Alizitazama zile bahasha, akamtazama mtoto wake, anaitwa Nekesa, akamvuta kifuani akamshika sana mpaka mtoto akalalamika. Halafu akavuta pumzi, akaniambia niinuke, sakafu ni baridi. Nyambura akanipa uji.

Nikakaa na kikombe mkononi, naona haya. Katika kutafuta neno la adabu, la kuonyesha kwamba mimi ni mtu, nikamwuliza, "Na Barasa mwenyewe, ameshaenda shule?"

Nyambura akaangalia chini.

Mama Barasa akasema polepole, bila hasira yoyote, "Ndiye tulikuwa tunazika, daktari. Ni huo ugonjwa wa damu. Nilikuwa nakuambia pale dirishani."

Ndugu zangu, wengine mliokolewa mkutanoni, wengine hospitalini. Mimi niliokolewa kwenye kigoda cha watu na kikombe cha uji mkononi. Mama alikuwa amemzika kifungua mimba wake jana yake. Amesafiri usiku, ameshuka kwenye basi na wa pili mgonjwa wa ugonjwa uleule, na mtu wa kwanza kumkuta macho katika mji mzima nilikuwa mimi. Alitaka kusema neno moja tu kuhusu mwanawe. Nikamkata.

Nililia, na sikulia kwa adabu. Nikamwomba msamaha. Akasema amesamehe, kisha akaninyooshea kidole akasema nisirudie. Nikamwambia, kama anaweza, aanze pale nilipomkatiza. Akaanza. Alinieleza Barasa alivyozaliwa, alivyopenda kuchora magari, alivyokuwa akificha maumivu ili asikose shule, walivyomkimbiza hospitali mara ngapi na usiku gani. Sikumkatiza hata mara moja.

Kazi sikufukuzwa. Nilikwenda mwenyewe kwa mwenye kemisti nikasema yote, akanipa barua kali, na niliistahili. Siku hiyohiyo nilipeleka dawa sahihi Bahati kwa mkono wangu, nikazimwaga kwenye kiganja cha Mama Barasa, akanieleza yeye jinsi ya kutumia. Bado nafanya usiku. Msinidanganye kwamba watu wamebadilika. Juzi mtu amebonyeza kengele saa kumi usiku kuniuliza kama mvua itanyesha. Bado nakunja uso, na mke wangu ni shahidi. Lakini kila bahasha naifungua, na mtu akianza hadithi yake kutoka kwa babu, naegemea dirisha nasikiliza mpaka afike. Hilo si langu, maana mimi najijua. Limefanywa na Mungu, na leo nimesimama kumshukuru mbele yenu wote.

Pasta ananionyesha saa. Namalizia, Pasta.

Kama uko hapa na una jambo refu, jambo lisilo na kichwa wala miguu, ambalo kila ukianza kulisema watu wanatazama pembeni, mpelekee Mungu kama lilivyo. Usilipunguze, usilipange, usitafute maneno mazuri. Mimi ni mtu wa hasira, sikuwa na subira ya dakika mbili, na asubuhi ile nilikaa na mama mmoja mpaka jua likawa utosini, na sikuchoka kumsikiliza. Mimi huyu. Sembuse Yeye.