Louis Kanyinda, Aliyeloweka Miti Kama Muhogo

Louis Kanyinda Muamba alizaliwa Lubudi, hapa hapa Katanga, tarehe 14 Mei 1938. Tunalisema wazi, maana waliomfukuza walimwambia arudi "kwao" Kasai, mahali ambapo hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Baba yake, Kazadi, aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya reli. Hakujileta.

Alisoma kwa mapadri wa Lubudi hadi mwaka 1954. Mwaka 1957 aliingia kiwanda kidogo cha karatasi hapa Kolwezi, kilichotengeneza mifuko ya kubebea vipande vya mawe ya mgodini. Mifuko ilipasuka ovyo, na mashine ya kuponda mbao kuwa rojo ilikula umeme saa saba mfululizo. Jambo hilo lilimkera miaka mingi.

Tarehe 8 Agosti 1964 alifunga ndoa na Mujinga. Mungu akawapa mapacha, Mbuyi na Kabanga, ndipo akaitwa Shambuyi, yaani baba wa Mbuyi. Siku moja alimkuta mkewe akiloweka muhogo wa bukari, ugali wetu, akamnyang'anya beseni, akatia vipande vya mkaratusi na maji ya majivu. Mujinga akafoka: "Shambuyi, rudisha baseni yangu! Miti haitakuwa bukari hata siku moya!"

Akacheka. "Hata muhogo, kama haukulowekwa, inakatalaka kutwangwa."

Baada ya siku mbili vipande vililainika. Alipofanya vivyo hivyo kiwandani, mashine ilimaliza kwa saa nne, na mfuko ukabeba mawe bila kuchanika. Alimfundisha Polycarpe, mwenzake wa zamu, bila kumficha kitu.

Aprili 1993, Polycarpe huyo huyo alisimama langoni na orodha ya Wakasai wa kufukuzwa, akasoma jina la mwalimu wake kwa sauti kubwa. Shukrani ya punda ni mateke! Familia ikahamia stesheni, ikalala sakafuni wiki saba ikingoja treni. Hapo kuhara kulimshika Shambuyi, na hakukuwa na dawa.

Tarehe 9 Juni, Polycarpe alikuja stesheni. Wakubwa wapya waliona kuloweka ni kupoteza muda, wakaacha, na mota ya mashine ilikuwa imeungua. Somo lilikuwa limemtoka, wala hakuuliza hali ya mgonjwa. "Tata, baba yangu, tuloweke siku ngapi?"

Tulitaka kumpiga. Shambuyi, midomo imemkauka, akajibu: "Mbili. Na mayi ya majivu usimwange." Hatujamsamehe Polycarpe, na jibu lile bado linatuuma.

Shambuyi alifariki tarehe 11 Juni 1993, saa nne asubuhi, pale pale sakafuni. Treni haijafika hadi leo.

Ameacha mjane, Mujinga, mapacha wake, Mbuyi na Kabanga, wajukuu watano, na dada yake Laurentine, anayesoma maneno haya kwa hasira, Mungu anajua.

Karatasi mliyoshika mkononi, kipande cha mfuko wa kiwandani, ni kazi yake. Mujinga aliitumia kufungia nguo siku ya kufukuzwa, ikanyeshewa stesheni pamoja nasi. Jaribuni kuichana.

Apumzike kwa amani katika udongo huu, wala asitokee mtu wa kumwambia arudi kwao. Amefika kwao.